Kujenga modeli ya mwitikio wa kigunduzi: mwongozo kamili kwa mchanganuzi wa spektra za eksirei

Chukua kipande cha waya wa shaba, ule wa kawaida wa stima unaouzwa kwa mita katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, uvue plastiki yake, uusugue kwa msasa hadi ung'ae, kisha uuweke mbele ya kigunduzi na uwashe bomba la eksirei. Utaona kilele kirefu cha shaba kwenye 8.05 keV (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati) na kifupi kwenye 8.905 keV. Sasa badilisha mhimili wa wima uwe wa logi, ili vitu vidogo vijitokeze. Karibu na 6.31 keV kuna kijikilele, na mbali upande wa kulia, karibu na 16.1 keV, kuna kingine. Cha kwanza kimekaa pale pale ambapo jicho la haraka lingesoma chuma, ambacho mahali pake ni 6.40 keV. Lakini waya haukutoa fotoni zozote za 6.31 keV wala za 16.1 keV. Alama zote mbili zimeandikwa na kigunduzi chenyewe.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziandika alama hizo kihisabati, ili programu izitambue kabla hazijaitwa elementi. Msimamo wangu ni mmoja, nao ndio unaoziongoza hatua zote: modeli ya kigunduzi hujengwa kwa vitu vinavyojulikana, kimoja kimoja, kisha hufungwa, na haijengwi ndani ya sampuli ile ile unayotaka kuiuliza swali. Mchanganuzi anayeviacha vigezo vya kigunduzi huru anaposoma udongo au rangi ya ukutani huipa programu nafasi ya kuificha elementi moja ndani ya mkia wa nyingine, na mchoro wake utapendeza machoni hata kama hesabu yake ina kosa.

Nimeandika nikimfikiria mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara hapa Nairobi mwenye kigunduzi cha silikoni kinachopozwa kwa umeme, aina inayojulikana kama SDD, bomba la eksirei lenye anodi ya rodiamu au ya fedha, na kompyuta yenye Python. Anayetumia programu ya PyMca atavikuta vigezo karibu vyote ninavyovitaja humu kwenye menyu zake, lakini nashauri kila mtu aijenge modeli kwa mikono yake angalau mara moja, kwa sababu kigezo usichokijua asili yake hutaweza kukitilia shaka.

Kinachotokea ndani ya silikoni

Fotoni inapoingia kwenye silikoni, nishati yake hugeuka kuwa jozi za elektroni na matundu, na kila jozi hugharimu wastani wa elektronivolti 3.65. Fotoni ya chuma ya 6.404 keV kwa hiyo huzaa jozi zipatazo 1,750. Idadi hiyo haiwi sawa kila mara, ila mtawanyiko wake ni mdogo kuliko ule ambao kanuni ya Poisson ingetabiri, kwa sababu matukio ndani ya fuwele yanategemeana. Kipunguzo hicho huitwa kigezo cha Fano, kwa jina la mwanafizikia Ugo Fano aliyekieleza mwaka 1947, na kwa silikoni thamani yake ni kati ya 0.11 na 0.12 hivi. Juu ya mtawanyiko huo huongezeka kelele ya elektroniki, ambayo haitegemei nishati ya fotoni.

Hatua ya kwanza: utulivu kabla ya vipimo

Washa mfumo na uuache utulie hadi halijoto ya kigunduzi iache kubadilika kabisa. Stima ikipotea katikati ya kipimo na kurudi, usiunganishe data ya kabla na ya baada, hata kama programu inaruhusu, kwa maana mteremko mdogo wa ukuzaji hupanua vilele vyote na utakuja kuusoma kana kwamba ni kelele. Chagua mkondo wa bomba unaoweka muda mfu, yaani muda ambao mfumo haupokei fotoni mpya, chini ya asilimia 20, na ukubali kipimo kiwe kirefu. Muda wa kuchonga mipigo, yaani muda ambao elektroniki hutumia kuusoma mpigo wa umeme wa kila fotoni, uwe ule ule utakaoutumia kwa sampuli, kwa kuwa modeli iliyojengwa kwa mpangilio mmoja haifai kwa mwingine.

Chanzo cha Fe-55, chenye nusu-uhai wa miaka 2.74, ndicho kipimio cha jadi cha vigunduzi hivi, kwa sababu hutoa mistari ya manganizi kwenye 5.895 na 6.490 keV bila bomba lolote. Kukimiliki hapa nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Usipokuwa nacho, kazi itaendelea vizuri kwa vitu vya kawaida vilivyo safi: waya wa shaba, msumari, chokaa, unga wa oksidi ya titaniamu, na kipande cha fedha iwapo volteji ya bomba lako inazidi 30 kV.

Hatua ya pili: nishati na upana

Pima vitu hivyo kimoja kimoja hadi kila kilele kikuu kifikishe hesabu laki moja au zaidi. Tafuta mahali pa kilele kwa kuoanisha mkunjo wa Gauss, wenye umbo la kengele; usitumie chaneli yenye hesabu nyingi kuliko zote. Kisha andika mstari wa nishati: E = a + b·i, ambapo i ni namba ya chaneli. Usilazimishe a iwe sifuri. Utaihitaji thamani yake halisi tutakapofika kwenye vilele vya kujumlika.

Kumbuka kwamba mstari wa K-alfa, yaani ule mkuu wa kila elementi tunayoipima hapa, ni miwili. Ya shaba imeachana kwa 20 eV tu, ya molibdeni kwa takriban 105 eV. Ukiichukulia kama mmoja, upana utakaoupata kwenye nishati za juu utakuwa wa uongo. Weka Gauss mbili zenye uwiano wa takriban 2 kwa 1 na upana mmoja.

Upana wa kilele kwenye nusu ya kimo chake hufuata kanuni hii:

W² = N² + 5.545 × 3.65 × F × E

W ni upana, N ni kelele, F ni kigezo cha Fano, na E ni nishati, vyote katika elektronivolti. Chora W² dhidi ya E: unapaswa kupata mstari ulionyooka. Mteremko wake ukigawanywa kwa 20.24 unatoa F, na mahali unapokata mhimili wa wima ni N². Kwa mfano, kigunduzi chenye upana wa 140 eV kwenye 5.895 keV, na F ya 0.115, kina kelele ya takriban 77 eV; kwa hesabu hiyo hiyo upana kwenye kalisiamu, 3.692 keV, utakuwa 120 eV, na kwenye shaba 157 eV. Ukipata F ya 0.16 au 0.2, usiikubali. Silikoni yako ni ile ile ya watu wengine. Kilichopotoka ni kitu kingine, na mara nyingi ni hesabu nyingi mno kwa sekunde, au mistari miwili uliyoiita mmoja.

Hatua ya tatu: mkia na kibaraza

Hapa ndipo watu wengi huishia na Gauss peke yake, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu. Fotoni za nishati ndogo hunyonywa karibu sana na uso wa mbele wa fuwele, mahali ambapo sehemu ya chaji hupotea kabla ya kukusanywa. Tukio hilo huandikwa upande wa kushoto wa kilele, nao mrundiko wa matukio hayo ni mkia. Mara nyingine elektroni yenyewe hutoka nje ya fuwele ikiwa na sehemu yoyote ya nishati yake, na matukio hayo hujitandaza sawasawa kutoka kwenye kilele hadi karibu na sifuri. Umbo hilo nitaliita kibaraza, kwa kuwa lina sakafu bapa inayoishia kwenye ukuta wa kilele. Kimo cha kibaraza kwa kawaida hakifiki sehemu moja kwa elfu ya kimo cha kilele, lakini sampuli yenye chuma kingi huweka kibaraza hicho chini ya elementi zote nyepesi unazozitafuta.

Tuite x tofauti kati ya nishati ya chaneli na nishati ya mstari, na s mchepuko wastani, yaani W ÷ 2.355. Kila mstari huandikwa kama jumla ya sehemu tatu:

G = exp(−x²/2s²) ÷ (s√2π)

S = erfc(x/(s√2)) ÷ 2E

T = exp(x/(gs)) × erfc(x/(s√2) + 1/(g√2)) ÷ (2gs × exp(−1/(2g²)))

G ni Gauss, S ni kibaraza, T ni mkia, na g ni urefu wa mkia ukihesabiwa kwa vipimo vya s; erfc ni kitendaji cha kosa kijalizo, kinachoshuka kutoka 2 hadi 0. Mbele ya S weka kizidishi fS, na mbele ya T weka fT. Zidisha jumla yote kwa upana wa chaneli, b.

Fomula ya mkia ina mtego wa kikompyuta. Upande wa kulia wa kilele, exp hukua bila kikomo huku erfc ikikaribia sifuri, na programu hukurudishia jibu lisilo namba. Ukiita v kile kilicho ndani ya erfc, basi pale v inapozidi sifuri andika T kama exp(−x²/2s²) × erfcx(v) ÷ (2gs), kwa kutumia erfcx iliyomo kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya Python. Pale v ilipo hasi, rudi kwenye fomula ya awali. Majibu ni yale yale, na hesabu haivunjiki.

Vipimo vya kila kitu safi vitakupa fS, fT na g kwa nishati mbalimbali. Vichore dhidi ya nishati. Mkia unapaswa kuwa mnene kwenye nishati za chini na kupungua kwa utaratibu unapopanda, isipokuwa unapovuka 1.839 keV, ambapo unyonyaji wa silikoni huruka ghafla na mkia huruka pamoja nao. Pitisha mkunjo mlaini katika kila upande wa mruko huo. Thamani moja ikijitenga na nyingine, rudia kipimo chake. Usiupindishe mkunjo ili uifuate.

Hatua ya nne: vilele vya mtoroko

Atomu ya silikoni iliyopigwa inaweza kutoa eksirei yake ya 1.740 keV, na eksirei hiyo ikitoka nje ya fuwele, tukio zima huandikwa likiwa limepungukiwa na 1.740 keV. Hicho ndicho kijikilele cha 6.31 kwenye waya wetu. Sehemu ya matukio yanayotoroka hukadiriwa hivi:

h = 0.5 × w × (1 − 1/r) × [1 − (m₂/m₁) × ln(1 + m₁/m₂)]

w ni uwezekano wa silikoni kutoa eksirei, takriban 0.05, r ni uwiano wa mruko wa unyonyaji, unaofanya mabano ya kwanza yawe karibu 0.91; m₁ ni kiwango cha unyonyaji wa silikoni kwenye nishati ya fotoni iliyoingia, na m₂ kwenye 1.740 keV. Kwa kalisiamu jibu ni kama 9 kwa kila 1,000, kwa chuma 3, kwa shaba chini kidogo ya 2. Kadiri fotoni inavyozama ndani zaidi, ndivyo eksirei ya silikoni inavyokosa njia ya kutokea. Linganisha makadirio na waya wako, na tofauti ikiwa ndogo, weka kizidishi kimoja kwa nishati zote. Kilele cha mtoroko chenyewe hupewa Gauss bila mkia.

Hatua ya tano: vilele vya kujumlika

Fotoni mbili zikifika karibu mno kwa wakati, elektroniki huziona kama moja yenye nishati ya zote mbili. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye ripoti kwamba mawe fulani ya chokaa yana nikeli. Maabara nyingine iliyoyayeyusha kwa asidi haikuikuta. Nilipoirudia spektra, kilele nilichokiita nikeli kilikuwa kwenye 7.38 keV, yaani mara mbili ya 3.692, kalisiamu juu ya kalisiamu, 94 eV tu kutoka kwenye nikeli halisi ya 7.478, kwa kigunduzi chenye upana wa 150 eV mahali hapo. Ripoti ilibidi irekebishwe, na mwenye mawe alikuwa amekwisha kusubiri wiki tatu.

Jaribio ambalo lingeniokoa huchukua nusu saa. Punguza mkondo wa bomba kwa nusu na upime kwa muda ule ule. Kilele cha elementi hushuka hadi nusu. Kilele cha kujumlika hushuka hadi robo.

Ndani ya modeli, usiviweke vilele hivi kwa mkono kimoja kimoja. Chukua spektra nzima, izidishe yenyewe kwa yenyewe kwa kutumia convolve ya NumPy, kisha izidishe kwa kigezo kimoja chenye maana ya muda: muda ambao ndani yake fotoni mbili haziwezi kutenganishwa (muda wa msongamano), ukigawanywa kwa muda wa kipimo. Kigezo hicho kikipatikana kwa shaba, kinapaswa kukubaliana na cha chokaa na cha msumari. Mipigo dhaifu sana, ya chini ya 1 au 2 keV, inaweza kuukwepa mzunguko wa haraka unaokagua msongamano, kwa hiyo hapo tegemea tofauti. Na hapa ndipo a ya hatua ya pili inapodai haki yake: jumla ya chaneli i na j haiangukii kwenye chaneli i + j, bali kwenye i + j + a/b. Ukiisahau, kila kilele cha kujumlika kitakaa pembeni ya mahali pake, na programu itakijazia elementi.

Hatua ya sita: ufanisi, na hewa ya Nairobi

Ufanisi ni zao la mambo matatu: fotoni ipite kwenye hewa, ipite kwenye dirisha la berili, kisha isimame ndani ya fuwele. Mwisho wa juu ni rahisi. Silikoni ya unene wa milimita 0.5 hunasa asilimia 98 ya fotoni za 10 keV, karibu asilimia 40 za 20 keV, na asilimia 15 za 30 keV. Dirisha la berili la mikromita 12.5 hupitisha asilimia 77 ya eksirei za silikoni kwenye 1.74 keV, na la mikromita 25 asilimia 59. Soma cheti cha kigunduzi chako, usikisie.

Hewa ndiyo inayosahaulika hapa kwetu. Majedwali na programu nyingi huanza na uzito wa hewa ya usawa wa bahari, miligramu 1.205 kwa sentimita ya ujazo kwenye nyuzi 20. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, kanieneo ni karibu hektopaskali 830, na hewa ina uzito wa takriban miligramu 0.99. Kwa njia ya sentimita 2 kati ya sampuli na dirisha, eksirei za potasiamu zinazofika ni asilimia 77, si 72 ambazo programu inadhani. Kwa silikoni ni 21, si 15. Udongo ukipimwa hewani kwa modeli ya Mombasa, silikoni yake itaongezwa chumvi kwa zaidi ya theluthi. Tahadhari pia na kanieneo inayoonyeshwa na programu za hali ya hewa kwenye simu, kwa kuwa kwa kawaida imekwisha kurekebishwa iwe ya usawa wa bahari. Tumia kipimo cha mahali ulipo.

Hatua ya saba: kufunga na kuoanisha

Sasa vifunge vigezo vya upana, mkia, kibaraza, mtoroko na muda wa msongamano. Unapoisoma sampuli, acha huru ukubwa wa vilele vya elementi, usuli (sakafu ya hesabu iliyo chini ya vilele), na labda a na b kwa kiasi kidogo sana. Ikiwa usuli wako unakatwa kwa mbinu ya SNIP, inayopogoa vilele hatua kwa hatua hadi usuli ubaki, fahamu kwamba mbinu hiyo humeza kibaraza pamoja na usuli. Ukikiacha kibaraza ndani ya modeli, utakuwa umekitoa mara mbili. Ama utumie usuli wa polinomia pamoja na kibaraza, ama SNIP bila kibaraza. Kilele cha Compton cha anodi, yaani cha eksirei za bomba zilizopoteza nishati kidogo kwa kutawanywa na sampuli, ambacho kwa rodiamu kwenye pembe ya nyuzi 90 hukaa karibu na 19.45 keV, ni kipana kuliko mwitikio wa kigunduzi, na kinahitaji umbo lake chenyewe.

Uzani wa kila chaneli utokane na hesabu ambazo modeli inatabiri, usitokane na zilizopimwa, la sivyo chaneli zenye hesabu chache zitavuta matokeo chini. Kisha usiangalie namba moja ya khi-mraba, kipimo cha jumla cha ulinganifu, peke yake. Chora masalio, yaani tofauti kati ya data na modeli, kila moja likigawanywa kwa mchepuko wake, na uyasome kutoka kushoto hadi kulia. Masalio yenye umbo la wimbi chini ya kilele yanasema upana au mahali pamekosewa. Yaliyo upande wa kushoto pekee yanasema mkia haujatosha.

Nichukue udongo mwekundu wa huku kwetu, wenye chuma na titaniamu kwa wingi, uliochotwa karibu na dampo la Dandora, ambako utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007 uliripoti risasi nyingi. Mtoroko wa chuma hukaa kwenye 4.664 keV, katikati ya titaniamu ya 4.511 na vanadiamu ya 4.952, na K-beta ya titaniamu, mstari wake wa pili, kwenye 4.932 imeifunika vanadiamu hiyo karibu kabisa. Risasi kwenye 10.551 na arseniki kwenye 10.544 zimeachana kwa 7 eV, na hakuna kigunduzi cha silikoni kinachoweza kuzitenga, kwa hiyo risasi husomwa kwenye L-beta yake ya 12.614. Lakini chuma juu ya chuma huangukia 12.808, takriban upana mmoja tu kutoka kwenye kilele hicho. Bila kilele cha kujumlika katika modeli, risasi itasomwa kubwa kuliko ilivyo, programu itaipa sehemu kubwa zaidi ya kilele cha 10.55, na arseniki itapungua au kutoweka kwenye ripoti. Mwenye shamba ataambiwa arseniki haipo, nayo ipo.

Baada ya kila sampuli kumi, rudisha waya wa shaba mbele ya kigunduzi kwa dakika kumi. Andika kwenye daftari tarehe, upana kwenye 8.05 keV, mahali pa kilele, na uwiano wa kijikilele cha 6.31 kwa kilele kikuu. Upana ukipanda kwa zaidi ya elektronivolti 3, au uwiano ukihama kupita kosa lake la takwimu, simamisha kazi na urudi hatua ya pili kabla ya kutoa ripoti yoyote.